Kitabu cha Dakika Kumi

Juzi, nikiwa kwenye kaunta ya maktaba ya chuo kimoja hapa Lubumbashi, aliingia mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akihema. Samedi, yaani Jumamosi, anatetea kazi yake ya kuhitimu, na hawezi kuitetea bila karatasi ya maktaba inayosema amerudisha vitabu vyote.

"Fiche yako ya kuazima vitabu iko wapi, mama?" mzee wa maktaba akamuuliza.

"Shiko nayo, papa. Shiyakuyaka huku hata siku moja."

Miaka yote hiyo hajakanyaga maktaba! Mzee hata hakushtuka.

"Shiwezi kuandika eti umerudisha, na haujabeba kitu. Beba kimoja, urudishe, ntasinye karatasi yako."

Akamsukumia kitabu kilichokuwa karibu na mkono wake. Binti akakifungua kwa mzaha. Akasoma amesimama, kisha akavuta kiti. Mzee akangoja, muhuri mkononi.

"Papa, nibakie nacho mpaka lundi, nikishamaliza kutetea? Ndiyo hii nilikuwa natafuta."

"Ukibakia nacho, shisinye. Na samedi hautetee."

Akakifunga kidole kikiwa bado ndani, halafu akakichomoa kidole. Muhuri ukalia.

Jamani, watu kunyimwa diploma kwa kutosoma nimeshaona. Huyu alinyang'anywa kitabu ili aipate.