Mwangwi wa Sahani ya Chuma

Mashine zenyewe sijawahi kuziona hata moja. Nilichokuwa nacho ni picha zake kwenye kioo cha kompyuta: vitufe, mishale inayocheza, na rangi iliyochubuka kwa makusudi ili tuamini kwamba tumeshika kitu cha zamani. Plagini hizo, yaani programu ndogo za kuigeuza sauti, nilizipata kwenye diski ya fundi sauti mwenzangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mtu mwenye maneno mengi na masikio mazuri kuliko yangu. Zilikuwa nne. Kila moja iliigiza chombo ambacho studio kubwa za Ulaya zilitumia kutia mwangwi kwenye sauti, enzi ambazo baba yangu alikuwa bado anachunga ng'ombe.

"Iwe, wewe, hiyo ya sahani ya chuma uwe nayo makini," aliniambia akinikabidhi diski. "Sisi tunawawekea wasiojua kuimba. Anayejua usimwekee. Inaficha kila kitu."

Nilimcheka. Mimi nikikatazwa kitu ndipo ninapokitamani, na tabia hiyo mama aliilalamikia mpaka akachoka.

Studio yangu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri pale Tunduma, trei za mayai ukutani na blanketi zito mlangoni kuzuia honi za malori yaliyosubiri kuvuka. Wateja wangu wengi walikuwa kwaya. Walishuka kutoka Mlowo, Vwawa na kijiji chetu cha Ruanda wakiwa wamejazana kwenye Fuso, wamefunga na kusali siku tatu kabla ya kurekodi, na wote walikuja na ombi lilelile: "Fundi, tuwekee eko ya kutosha." Eko, yaani mwangwi, ikipungua waliona wamepunjwa.

Kwaya ya Ruanda ilipofika, aliyeongoza nyimbo alikuwa dada yangu wa tumbo moja. Tangu afiwe na mumewe alibaki na vitu viwili, shamba la kahawa na ile nafasi ya mbele. Shamba lilimlisha. Nafasi ya mbele ndiyo iliyomwamsha asubuhi, na kila mtu pale kanisani alilijua hilo, hata waliomwonea wivu.

Nilimrekodi peke yake, sauti kavu, bila mwangwi wowote. Sauti kavu haina adabu. Inakuonyesha mate na meno ya mtu, inakuonyesha hata hofu yake. Nikiwa na hedifoni masikioni nilisikia kitu: kila alipovuta pumzi mwishoni mwa mstari, kulitoka kifilimbi chembamba, kama birika linaloanza kuchemka chumba cha pili. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Kilikuwepo. Wimbo wa pili, kilikuwepo, na chini yake mkwaruzo ambao mwaka uliotangulia haukuwepo. Nikajiambia ni feni.

"Dada, una mafua?"

"Vumbi la mahindi tu. Tumepukuchua wiki nzima."

"Lakini hii si ya mafua."

"Mbona unaniuliza kama karani wa zahanati, mdogo wangu? Wewe rekodi."

Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa ameketi juu ya kreti ya soda, alisema sauti imeiva. Kwao mwimbaji akikwaruza kidogo husemwa ameguswa na Roho. Akampa kipande cha tangawizi atafune, kisha akatoka kuwaita wapiga gitaa. Dada akasogea karibu yangu.

"Wakisikia unachokisikia wewe, watanirudisha mstari wa nyuma," alisema. "Kuna binti anaingoja nafasi yangu kama anangoja kurithi. Kifiche."

"Nenda hospitali kwanza."

"Nitakwenda tukimaliza albamu. Wewe kifiche."

Nikamwambia sawa. Neno dogo hivyo, na mpaka leo sijui nililitoa kwa upendo au kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuzijaribu plagini zangu mpya.

Nilitumia siku tatu kuchagua. Ya kwanza iliigiza springi zilizofungwa ndani ya kisanduku. Ikakigeuza kifilimbi kuwa mlio wa kijiko ndani ya kikombe, nikaifuta. Ya pili iliigiza chumba kitupu cha saruji chenye spika pembe moja na maikrofoni pembe nyingine. Hiyo ilinitisha, maana ilinirudishia pumzi yake mara mbili, kana kwamba kulikuwa na mgonjwa mwingine nyuma yake. Ya tatu, iliyoiga mashine za kwanza kwanza za kidijitali, ililowesha maneno yote mpaka Yesu mwenyewe hakusikika vizuri.

Ikabaki sahani. Bati kubwa la chuma lililoning'inizwa kwenye fremu na kutikiswa na sauti, ndivyo nilivyosoma. Nilipoifungua, sauti ya dada ilipanda na kung'aa. Nikauchelewesha mwangwi kidogo ili mkia wa kila mstari uangukie palepale anapovuta pumzi. Kifilimbi kikazama. Nilisikiliza mara tano, sikukipata, nikapiga makofi peke yangu chumbani. Nilijiona fundi kweli kweli.

Sisi mafundi wa Tunduma tulikuwa na mtihani wetu: wimbo ukipita ndani ya lori, umepita. Nilimwomba dereva mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya mpaka auweke kwenye redio yake. Akasikiliza hadi mwisho bila kugusa kitufe.

"Mama huyu ana mapafu ya ng'ombe," alisema.

Kanisani wazee wa baraza waliusikiliza, wakaupitisha. Dada alinipigia simu akicheka, na kicheko kikakatika katikati akakohoa.

Wanaokumbuka kwaya za miaka ile wanajua kilichofuata. Albamu ikitoka, kwaya haiimbi tena. Inaimba na CD. Spika zinafunguliwa, wanakwaya wanacheza kwa hatua moja na kuchezesha midomo, na waumini wanabarikiwa vilevile. Hata mazoezi yakawa ya miguu. Kwa miezi kumi dada yangu alisimama mbele kule Ruanda, kwenye harusi za Mlowo, kwenye mikutano ya injili, akifungua mdomo, na iliyosikika ilikuwa sauti yangu mimi, niliyomtengenezea.

Kwenye simu alizidi kukwaruza. Nikimwuliza hospitali, aliniambia atakwenda baada ya msimu wa kahawa. Kisha akaacha kupiga, akaanza kutuma meseji, yeye ambaye siku zote alisema meseji ni za watoto wa shule. Nilipaswa kupanda gari siku hiyohiyo. Badala yake nikamjibu kwamba hongera, amekuwa wa kisasa. Aibu ya jibu hilo haijanitoka.

Tulipomfikisha hospitali kubwa Mbeya alikuwa hamezi uji. Daktari alimchunguza koo, akakuta uvimbe mkubwa, akatukusanya: mimi, mama na mwalimu wa kwaya.

"Sauti ilianza kubadilika lini?"

"Daktari, hata wiki mbili hazijafika," alisema mwalimu wa kwaya, na hakuwa anadanganya. "Mwezi uliopita ameongoza ibada nzima, sauti safi."

Daktari akamgeukia dada. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. Akainua mkono taratibu akaninyooshea kidole mimi, bila hasira, kama anayesema mwulizeni huyu, huyu alisikia.

"Miezi kumi na moja," nilisema.

Daktari aliweka kalamu chini. Mama alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona.

Tulimzika kule Ruanda, mibuni ikiwa imechanua. Kwaya ilitaka aage kwa sauti yake mwenyewe, na kwa kuwa mimi ndiye fundi, niliwekwa kwenye mashine, kompyuta yangu mezani. Nikafungua. Sahani ya chuma ikalijaza boma lote, nzuri, ndefu, bila pumzi hata moja. Nyuma yangu mama mmoja alimnong'oneza mwenzake.

"Sikia sauti hiyo. Sasa huo ugonjwa wa koo aliupatia wapi?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe cha kuuondoa mwangwi, na sikukigusa.