Kicheko cha Mtunza Faili

Kila mtu maabarani alimwita Dada, na sifa yake ilikuwa moja: hana mdomo, siri haimtoki. Walikuwa wakigonganisha viini vya atomi vya aina mbili, uzito sawa, ila aina moja ina chaji nyingi zaidi ya umeme. Walitafuta jambo adimu: chembe chanya na hasi kuachana njia kidogo, katika sumaku kali inayozuka na kutoweka kufumba na kufumbua. Kama lipo, lingejitokeza zaidi kwenye aina yenye chaji nyingi. Kwa hiyo Dada alizificha faili kwa majina ya Kopo na Sahani, mtafiti asije akaona anachotamani kukiona. Ipi ni ipi alijua yeye tu, mpaka siku ya kufungua siri hiyo.

Mmoja wa watafiti alikuwa mdogo wake wa mwisho, aliyemlea tangu mama yao afariki. Nyumbani aliitwa Profesa kabla hajajua kusoma.

Jumapili moja, mezani, Profesa alichora mistari miwili kwenye karatasi, wa Kopo juu ya wa Sahani.

"Dada, naapa Kopo ndiyo yenye chaji nyingi."

"Kula, chakula kinapoa."

"Nimekosea?"

"Profesa wewe! Mdomo mkubwa kuliko tonge." Akacheka.

Profesa akamtazama, akaikunja karatasi taratibu.

Jumatatu Dada aliona kwenye kompyuta kwamba Profesa amebadilisha namna ya kuchuja chembe, na sasa jambo lile linajitokeza zaidi kwenye Sahani. Siku tisa alirudi kuyatazama mabadiliko hayo. Akinyamaza, nani atajua? Lakini jina la ukoo alilowaachia marehemu baba yao, mwalimu aliyeheshimiwa mpaka kaburini, lingeandikwa juu ya matokeo aliyoyaharibu yeye Dada.

Siku moja kabla ya kufungua, aligonga mlango wa mkuu wa maabara.

"Nimevujisha siri ya faili."

"Kwa nani?"

Swali hilo ndilo alilokuwa akilikimbia. "Kwa mdogo wangu. Alikisia, nikacheka."

"Kicheko tu, Dada?"

"Kilikuwa na jibu ndani yake."

Dada akanyang'anywa faili, Profesa akaondolewa kwenye utafiti huo, na kundi jingine likaanza upya, kwa majina mapya.

Jioni Profesa alikuja, akaketi, hakugusa sahani.

"Basi niambie. Ni ile niliyohamia?"

Dada alitazama meza, uso umekauka kama ukuta.

"Uso huo," Profesa akasema akiinuka, "ungekuwa nao Jumapili ile."