Wino wa Kidole cha Mama

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba wino wa kupigia kura unajua ulichochagua. Ukichagua chama tawala, wino unatoka kabla ya Ijumaa. Ukichagua upinzani, unakaa siku arobaini, na ukishinda juani unageuka kijani. Kijiji chetu kizima, huku Ilongero, kiliamini. Nadhani hata mbuzi walikuwa na habari. Wala sikuwa mtoto. Nilikuwa na mke, nilikuwa fundi pikipiki, na hakuna mteja aliyeondoka bila kuhubiriwa habari za wino.

Mwaka ule mvua ilikatika mtama ukiwa usawa wa goti, tukapiga kura na njaa zetu. Siku chache baadaye ikatangazwa kwamba mahindi ya msaada yatagawiwa Jumatatu kwenye ofisi ya kijiji. Hapo balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa chama tawala, akaanza kutembea nyumba kwa nyumba kusalimia. Ni mtu wa kucheka sana. Mama alipompa mkono, aliupokea kwa mikono miwili, akaugeuza kama anachagua nyanya sokoni.

"Dada, wewe bado na wino tu? Wenzako wameshanawa!"

Akacheka, akaaga, akaenda zake. Hilo tu.

Mama alisugua kidole kwa majivu, kwa mchanga, kwa ndimu, kwa sabuni ya mche. Nikamletea mpaka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kidole kilikaribia kuhama mkono, wino ukabaki.

"Mama, kwani ulichagua nani?"

"Chama. Kama siku zote."

"Sasa mbona hautoki?"

Akakitazama kidole. "Zamani tulichagua picha ya jembe au ya nyumba, na zote mbili zilikuwa za chama. Hukuwa na pa kukosea. Siku hizi karatasi ina picha nyingi, mwanangu. Labda niliweka alama pabaya."

Nikamgombeza. Mimi, mwanawe wa kumzaa, nilimwambia ametukosesha ugali.

Na kidole changu? Kilikuwa cheupe kama maziwa tangu Alhamisi, ilhali nilichagua upinzani kwa mkono wangu mwenyewe, nikaikandamiza kalamu hadi karatasi ikataka kutoboka. Mwenye akili angejiuliza hapo hapo. Mimi sikuutilia shaka wino. Nilijitilia shaka mwenyewe, nikasema basi nami nilikosea, ila kosa langu lina bahati.

Jumatatu mama, ambaye mgao wa nyumba yetu uliandikwa kwa jina lake, hakwenda. Nilimzuia mimi, asije akaaibishwa mbele za watu. Alikaa jikoni akipika mlenda usio na cha kulia, majirani wakipita njiani na viroba kichwani. Uchaguzi uliofuata nilipomwita twende, alitikisa kichwa. "Mimi nakosea. Nendeni ninyi mnaojua." Hajapiga kura tena mpaka leo.

Hasira yangu haijapoa, na sitaki ipoe. Namkasirikia balozi ambaye hakutoa hata neno moja la vitisho ambalo ningeweza kumshtakia, alicheka tu. Navikasirikia vyama vyote, kikubwa na vidogo, vilivyokuja na spika za kupasua masikio na kofia za bure, vikapandisha bendera juu ya kila mti wenye tawi, visitume hata mtu mmoja kutueleza wino ni wa kazi gani. Tuliambiwa demokrasia imefika. Huku kwetu ilipita kwenye gari, kioo kimefungwa. Na mimi mwenyewe najikasirikia kuliko wote. Mama yangu alifukuzwa kwenye sanduku la kura na mwanawe.

Nilipokwenda shule ya jioni kutafuta cheti cha kidato cha nne, nina mvi za kutosha kujaza mto, tulifika kwenye somo la uraia. Nikasimama nikasimulia kisa cha wino kwa madaha yangu yote. Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu wetu, binti mdogo aliyewahi kuwa karani wa kituo cha kura, hakucheka. Alisubiri nikae.

"Kaka, wino ule ni wa kuzuia mtu asipige kura mara mbili. Hakuna zaidi. Mkono uliopasuka kwa kulima unashika wino muda mrefu. Wako ulikuwa kwenye petroli kutwa. Na mahindi yalikuwa ya kila mwenye njaa. Mama yako hakukosea kitu."