Nyumba ya Mama Germaine na Samaki Wake

Nyumba ya halmashauri aliyopanga Mama Germaine pale Nchelenge, Zambia, ilikuwa tanuru, kwa sababu ya mabati. Basi yeye na watoto walilala nje, katika jiko la nyasi, na vyumba vyote akawaachia samaki wakavu wa biashara yake.

Serikali ikatangaza kwamba nyumba hizo zitauzwa kwa wapangaji wanaolala ndani tu. Mbio mbio Germaine akahamishia samaki jikoni, akatandika mikeka vyumbani. Kitanda chao akakisahau kulekule jikoni, chini ya samaki.

Bwana Chibwe wa halmashauri akaja kukagua, akachungulia vyumbani, akaziba pua, akaenda jikoni.

"Mama! Samaki inalala ku kitanda, batu mu mukeka?"

Germaine akawaka. "Papa, samaki inaletaka feza. Batu banaletaka nini? Balale chini!"