Rozela ya Meza ya Bwana, Uani kwa Bi Mwanaidi

Enzi zetu kunguni alikuwa mpangaji kama wapangaji wengine, ila yeye hakujua kuhama. Wenzangu wa rika langu mnanielewa. Jumamosi asubuhi mtaa wetu mzima wa Narung'ombe, hapa Kariakoo, vitanda vinatolewa nje, maji yanachemka kwenye masufuria, mama zetu wanamimina kwenye maungio ya mbao na sisi watoto tumejipanga na vijiti. Kunguni akichomoza tu, umemchokoa. Mimi nilikuwa bingwa. Siku moja nilimshinda hata kaka yangu, akakasirika akanimwagia majivu kichwani. Mama akatuchapa wote wawili, akasema, "Fimbo yangu haijui nani kaanza." Watoto wa siku hizi wakiona mende mmoja wanampiga picha wanawatumia wenzao, halafu anaitwa mtu wa dawa, kavaa barakoa kama anakwenda mwezini.

Nilitaka kusema nini? Eeh, magodoro.

Magodoro yetu yalikuwa ya sufi, na sufi ikikaa inashikana mabonge, unalala kama umelalia viazi. Hapo ndipo anaitwa fundi. Wetu aliitwa Mzee Nathani. Alikuwa na kibanda ubavuni mwa nyumba tuliyopanga. Anafumua godoro, anaichapa sufi kwa fimbo mbili mpaka iwe kama povu, anaishindilia upya, anashona kwa sindano ndefu kama mkono wangu. Sufi ilimkaa kwenye nywele, nyusi na masharubu, tukajua ni kikongwe. Siku alipooga mapema akatokea na masharubu meusi, nilikimbia kumwambia mama kuna mgeni mlangoni.

Basi huyo fundi magodoro ndiye aliyesimamisha kanisa letu. Najua huko kanisani kuna kijitabu kizuri chenye picha kinachoeleza historia. Mimi shule niliiacha darasa la nne, sishindani na kijitabu. Ila mimi nilikuwepo, na waliokiandika hawakuwepo.

Baba yangu alitokea Meru, ng'ambo ya mpaka, akaja kufanya kazi reli. Kwenye sanduku lake la bati alikuja na kitabu cha nyimbo cha Kimethodisti. Wapangaji wenzetu walimuuliza, "Ndiyo Waluteri?" Siyo. "Wakatoliki?" Siyo. "Basi mtakuwa nyie wenyewe," wakasema, na kweli tulikuwa sisi wenyewe. Wimbo mmoja, sauti mbili, baba na mama, chumbani. Mpaka Jumapili moja baba anaimba, tukasikia kule kibandani zile fimbo za sufi zimenyamaza, halafu ikaingia sauti ya tatu, nzito, ya chini. Mzee Nathani alikuwa amelelewa na Wamethodisti huko kwao bara, akawakimbia akiwa kijana. Siku hiyo aliingia ndani na sufi zake nywele nzima, akakaa chini kwenye mkeka, akalia. Sisi watoto tukacheka. Tukachapwa.

Baba kazi yake ilikuwa ya kusafiri, leo Tabora, kesho Kigoma, kwa hiyo uongozi ukamwangukia Mzee Nathani. Zikaongezeka kaya mbili, halafu nyingine mbili, chumba hakikutosha. Mwenye nyumba wetu, Bi Mwanaidi, mwanamke wa hapahapa pwani, Mwislamu wa swala tano, akatupa ua wake. Sharti lake lilikuwa moja. "Salini, mimi simzuii mtu Mola wake. Ila adhana ya adhuhuri ikilia nisisikie mdomo wa mtu." Kwa hiyo ibada yetu ilikwisha kabla ya saa sita, na mhubiri akirefusha, Bi Mwanaidi alianza kugongagonga mwiko kwenye sufuria. Leo wahubiri wana vipaza sauti na saa ukutani, na hakuna mwiko wa kuwakumbusha.

Lakini kanisa lenyewe, nikisema kweli, halikuwa Jumapili. Lilikuwa Alhamisi. Wamethodisti tuna kitu kinaitwa darasa. Si la kusoma. Mnakaa watu kumi au kumi na wawili, na kiongozi anamuuliza kila mmoja kwa zamu, "Roho yako imekaaje wiki hii?" Na unajibu kweli. Huruhusiwi kusema "nzuri" kama unajibu salamu. Alhamisi baada ya alasiri tunakaa uani, Mzee Nathani anaanza.

"Mama Debora, roho yako imekaaje?" Debora ndiye mimi.

"Imechafuka, kaka. Nimemtukana muuza samaki kule Feri."

"Ulimtukanaje?"

"Siwezi kurudia, watoto wapo."

Bi Mwanaidi, anachambua mchele wake jikoni, anadakia, "Alimwambia ana sura ya jodari wa juzi! Nilikuwepo! Tena alistahili!"

Watu wanavunjika mbavu. Mama naye anacheka, halafu anaambiwa Alhamisi ijayo aje na habari kwamba amekwenda kumwomba yule mtu radhi. Na alikwenda. Miguu yake, mpaka Feri na kurudi. Hivyo ndivyo tulivyokuwa: jambo likisemwa darasani linatendwa.

Mzee Nathani alijiuliza mwenyewe mwisho, na jibu lake lilikuwa lilelile. "Wiki nyingine, sijaonja." Na wote wakaitikia, "Bwana asifiwe."

Mimi sikuelewa, nikamuuliza mama. Mama hakuwa mtu wa kuficha watoto mambo. Akaniambia Mzee Nathani zamani alikuwa mlevi wa mnazi na gongo, mlevi hasa. Siku moja mwanawe alikuwa na homa, akatumwa dawa. Akaipata, lakini njiani akapitia kilabuni, aonje kikombe kimoja tu. Alirudi asubuhi, dawa ingali mfukoni, akakuta mtoto ameshaoshwa kwa kuzikwa. Mkewe akaenda kwao, hakurudi. "Yule," mama aliniambia, "akionja tone, ameondoka. Ndiyo maana kila Alhamisi tunamsikiliza." Ilikuwa mwaka wa tisa tangu aache.

Sasa nije kwenye rozela.

Wamethodisti wetu hawakugusa pombe, hata kwenye Meza ya Bwana hatukutumia divai. Kwingine wanatumia maji ya zabibu. Zabibu Kariakoo ya enzi zile ungeitoa wapi? Mama akasema, Bwana alikunywa cha kwao, na sisi tutakunywa cha kwetu. Akawa anachemsha rozela, yale maua makavu mekundu, anaichuja na kuitia sukari. Nyekundu kama ilivyotakiwa. Mchungaji aliyewekewa mikono alitufikia mara chache kwa mwaka kutoka bara, na bila yeye hakuna Meza. Kwa hiyo akitarajiwa, Jumamosi yake wanawake wanaizunguka ile rozela na kuiombea. Ikishaombewa haimwagwi. Hilo lilikuwa sharti letu. Na kinachobaki mezani baada ya watu kunywa anakimaliza kiongozi wa darasa, mpaka chini.

Mwaka huo masika ilishuka kwa hasira. Rozela ikachemshwa Jumamosi, ikaombewa, Jumapili mchungaji hakutokea. Likaja neno kwamba daraja limekwenda na maji, yuko njiani, atafika Jumapili inayofuata. Mama akaitia rozela kwenye mtungi, akaufunga kitambaa, akausukuma chini ya kitanda chetu. Joto la Dar, mnalijua. Jumatano akaionja, akakunja uso, akaongeza sukari. Ijumaa akaongeza tena.

Bi Mwanaidi akapita koridoni, akasimama, akavuta pua. "Mama Debora, kitu chako kimechacha."

"Ni ukali wa rozela tu, Bi Mwanaidi. Nimeitia sukari."

"Mimi sijawahi kuonja haramu tangu nizaliwe, lakini pua yangu si kipofu. Mwaga."

"Imeombewa. Siimwagi."

"Haya. Ombi lenu, tumbo lenu."

Jumamosi mimi nilichungulia chini ya kitanda nikaona kile kitambaa kimeinuka katikati, kinapanda na kushuka, kama kuna mtu analala humo. Sikusema. Nilidhani ndiyo maombi.

Mniwie radhi, nitangulize ya baadaye, maana nikishafika Jumapili yenyewe sitakuwa na la kuongeza. Kanisa halikufa. Wengi walidhani litakufa. Alhamisi ileile iliyofuata mama yangu, ambaye hakuwahi kusimama mbele ya watu, alikaa kwenye kigoda cha kiongozi, macho yamevimba, akauliza mtu wa kwanza, "Roho yako imekaaje wiki hii?" Aliuliza swali hilo mpaka uzeeni kwake, mvua na jua, na hakuwahi kuruka Alhamisi hata tulipomzika baba. Watu walimwambia apumzike. Alijibu, "Nitapumzika mtu wa mwisho akishanijibu." Jengo tulilonalo sasa Magomeni lilianza na matofali waliyoyabeba wanawake wa darasa lake vichwani. Nyumba ya Bi Mwanaidi imevunjwa siku nyingi, pale pana ghorofa linalouza makava ya simu, na nikipita wapagazi wananipigia kelele, "Bibi, pisha mzigo!" Nami naupisha, huku nahesabu hatua, hapa jiko, hapa mkeka.

Wajukuu zangu nao wana darasa. Liko kwenye simu. Kiongozi anaandika swali Alhamisi, nao wanamrudishia kidole gumba, au kile kikatuni kinachotoa machozi ya kucheka, hata sijui roho gani hiyo inayocheka hivyo. Siwalaumu. Meza ya Bwana yao inakuja kwenye vikombe vya plastiki vidogo kama vya dawa ya kikohozi, juisi imetoka dukani na tarehe ya mwisho imeandikwa ubavuni. Haichachi. Hakuna wa kuumia. Lakini hakuna pia anayemsikiliza mwenzake kila wiki kwa hofu, kama tulivyomsikiliza yule mzee.

Basi, Jumapili hiyo. Mchungaji amefika, viatu tope tupu. Kijana mpole, mtoto wa mchungaji, mjukuu wa mchungaji, hajawahi kukaribia pombe maishani. Alikunywa wa kwanza akatabasamu, akasema rozela ya Dar ina nguvu. Baba naye alikuwepo, akanywa. Mama akanywa. Wote walikuwa watu waliozaliwa kwenye marufuku ya pombe, wangejuaje? Kwa sababu ya mvua tulikuwa wachache, na jagi ambalo mama aliimiminia rozela lilipokwisha kuzunguka lilikuwa limebaki nusu nzima. Wimbo wa mwisho ulipanda kuliko siku zote, mama akasema Roho ameshuka.

Kisha wakamkabidhi Mzee Nathani kikombe chake, na jagi pembeni.

Akanywa funda moja. Nilikuwa nimekaa mkekani mbele yake, niliona koo lake likipanda, likasimama. Akatazama ndani ya kikombe, halafu jagi.

"Malizia, kaka Nathani," mama akamwambia kwa furaha. "Isimwagwe."

"Dada, hii uliichemsha lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

Niliona mama akielewa. Akashika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili.

"Usilie," Mzee Nathani akasema. "Kosa si lako. Lakini hii mimi naijua. Nayo imenitambua."

Mchungaji akasimama. "Mzee, kaa kwanza. Kaa tuombe."

"Ombeni, mchungaji. Mimi nikikaa, nitalimaliza."

Alikiweka kikombe chini taratibu, mbali na mkono wake. Lile jagi alilisukuma mpaka kwa baba, bila kulitazama. Akaingiza miguu kwenye viatu bila kuvifunga. Mama akamwita jina, mara mbili. Mlangoni Bi Mwanaidi alikuwa amekaa na ungo wake, akamwuliza, "Fundi, mbona mapema, adhana bado?"

"Nakwenda, Bi Mwanaidi."

Akavuka dimbwi la mvua mbele ya nyumba. Alifika njia panda, upande mmoja unateremka kilabuni, mwingine unakwenda stesheni. Akasimama kidogo, mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza. Akashika njia ya stesheni, anatembea upesi, mgongo wima, na hakurudi tena.