Ng'ombe Aliyepita Mara Mbili Sebuleni Kwangu

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na sioni aibu kulisema. Nilianza kwa kubeba magunia ya dagaa mwaloni, wanakoshushia samaki, nikaja kuwa na magunia yangu, nikaja kuwa na lori, na leo nina nyumba Kiseke yenye vigae na televisheni pana kama mlango, imetundikwa ukutani. Nimeinunua mwenyewe, hakuna mjomba aliyenipa. Kwa hiyo nikiangalia picha za sinema naangalia kwa haki yangu, na nikiona uongo humo ndani nasema.

Na uongo umejaa. Yule mama maskini wa kijijini anayelia kwamba watoto wamelala njaa ana kucha ndefu nyekundu, na ugali anausonga kwa kijiko. Kijiko! Tajiri anakaribishwa juisi, anaishika, anaongea, anainuka, anaondoka, juisi iko pale pale imejaa. Matajiri ninaowafahamu mimi wanamaliza na kuuliza kama ipo nyingine. Simu zao hazina kwaheri. Mtu anaambiwa baba yake amefariki, anasema "Sawa," anakata. Anayekohoa mara moja mwanzoni mwa picha mchimbieni kaburi tu, hafiki mwisho. Na siku moja nilimwona mgonjwa mahututi amewekewa dripu juu ya shati la mikono mirefu. Dawa inaingia kwenye kitambaa, daktari anatikisa kichwa eti hali ni mbaya. Itaachaje kuwa mbaya?

Mke wangu anasema nimemharibia picha zote za dunia hii. "Mzee, hao watu hawakusikii," ananiambia. Najua hawanisikii. Mbona refa naye hawasikii watu wa jukwaani na wanamtukana mpaka sauti zinakauka? Mimi nami naongea nao vile vile nilivyokuwa naongea na wapakiaji wangu: "Ninyi, acheni kutudanganya! Wewe, rudi ufunge mlango!" Nikishasema, moyo unatulia.

Sasa, mwaka juzi binti yetu wa mwisho alipata mchumba. Yeye ni mwalimu, alisomea kule Butimba, na alikuwa amefika umri ambao mashangazi wanaanza kumuuliza maswali yenye kona. Kijana mwenyewe ni Mjita wa upande wa Musoma, watu wa ziwani, wavuvi na wakulima, Wakristo wa kusali kweli. Hakuwa na baba. Aliyemlea ni baba yake mkubwa, mzee ambaye sifa zake zilitangulia kufika: hapendi dharau, na nyumbani kwa binti anayeposwa huenda mara moja tu. Akiudhika anarudi kwake na hiyo habari imekwisha.

Kwetu Wasukuma, au niseme katika ukoo wetu, siku ya kuzungumza mahari baba wa binti hasemi. Anasemewa. Kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Bujora kwa kazi hiyo, maana yeye maneno ya kuzunguka anayaweza. Anaweza kukuomba chumvi ukadhani anakupa pole. Kazi ya baba ni kukaa kwenye kiti na kuwa mzito. Ndiyo maana kila anachofanya kinapimwa. Akikohoa, wageni wanatazamana. Akikuna kidevu, wanadhani mahari imepanda.

Asubuhi ile binti yangu alinishika mkono kule uani. "Baba, nakuomba. Leo mdomo uufunge kama duka la mtu aliyefiwa."

"Nimewahi kuharibu nini mimi?"

"Baba."

"Haya. Nimefunga."

"Huyu ndiye ninayemtaka, baba. Sitaki mwingine." Akasema hivyo akiangalia chini, akaingia jikoni haraka. Mimi si mtu wa kulia, nilikwenda kukagua tenki la maji.

Kosa lilianzia kwenye kupanga viti. Mke wangu alisema wageni lazima wakae kwenye kochi jipya, na kochi jipya liko ukutani, chini ya televisheni. Mimi na kaka tukakaa ng'ambo, tunawaelekea. Televisheni niliiwasha mwenyewe. Sitadanganya, nilitaka wageni waione. Binti yangu akaja akaizima sauti kabisa, nikakubali. Walipoingia ilikuwa inaonyesha kwaya. Baba mkubwa, mzee mrefu mwenye suti ya kanisani, akaitazama, akasema, "Hii ni nyumba ya Mungu." Nikainamisha kichwa. Kisha wakakaa, yeye na dada yake, shangazi wa kijana, mama mnene mwenye begi kubwa mapajani, wakaipa televisheni mgongo. Salamu zikaenda, sala ikaombwa. Kwaya ikaisha, ikaanza picha.

Ilikuwa picha ya kwetu kwetu, ya kijiji na ng'ombe. Kaka akafungua maneno. Baba mkubwa naye akajibu kwa utaratibu mzuri, kwamba wamepita njia nyingi, wamechoka, wameona moshi wa nyumba hii, wanatafuta jiko. Mimi macho yangu yalikuwa juu kidogo ya kichwa chake. Pale palikuwa na mchunga ng'ombe fukara, suruali imechanika magotini, na miguuni kavaa viatu vya ngozi vinang'aa kama vya bwana harusi.

Baba mkubwa alikuwa anasema, "Kijana wetu ni mtu wa hali ya kawaida, lakini mkweli."

"Uongo huo," nikasema. "Angalieni hivyo viatu."

Ilinitoka tu. Nilimwona baba mkubwa anairudisha miguu yake chini ya kochi, nikadhani ni ubaridi wa vigae. Kaka alinitupia jicho, kisha akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeshtukia jambo. Mambo yakaendelea. Juu kule kwenye picha kijana mmoja anarudi kutoka mjini na begi la kujaza nyumba, analinyanyua kwa kidole kimoja, anapanda nalo kilima huku anapiga mluzi. Mimi nimebeba mizigo ujana wangu wote. Shingo yangu hii imeingia ndani kwa sababu ya mizigo.

"Hilo begi ni tupu," nikasema. "Hamna kitu humo. Mtu yeyote aliyewahi kubeba begi anaona."

Shangazi akalikumbatia begi lake. Halafu akalifungua zipu, polepole, akaanza kutoa zawadi za posa na kuzipanga mezani kabla ya wakati wake: blanketi la bibi, vitenge vya mama, shuka, koti la babu. Kila kitu alikikung'uta kidogo tuone kwamba ni kizima. Nilishangaa kwa nini ana haraka.

Wakafika kwenye ng'ombe. Vijana wa kaka walishakwenda kuwaona kule kwao, wakarudi wakasema ni wazuri. Baba mkubwa akawa anawataja mmoja mmoja kwa rangi, kwa heshima, kama anasoma majina ya wazee wa kanisa. Na kwenye picha nako ng'ombe wa mahari walikuwa wanapita mbele ya nyumba ya bwana mkubwa. Akapita mweusi. Akapita wa madoa. Akapita mwenye pembe moja imepinda mpaka jichoni. Wakapita wengine. Halafu, mbele ya macho yangu, pembe iliyopinda ikapita tena.

Nilisimama. "Mnatuona sisi vipofu?" nikapiga kelele, kidole nimekinyoosha. "Huyo ng'ombe ni yule yule! Mnampitisha mara mbili!"

Jikoni mtu akafunika sufuria taratibu.

Baba mkubwa alisimama naye. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani, kichwa chake kikaifunika nusu ya televisheni. "Mzee mwenzangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, "viatu vyangu umevitukana, nimenyamaza. Begi la dada yangu umelitukana, nimenyamaza. Sasa unaniita tapeli wa ng'ombe."

Kabla sijajibu kaka akadakia, na hapo ndipo alipolichimbia kaburi jambo letu. Masikini, alikuwa ameamini kwamba mimi nacheza mchezo wa kupandisha mahari. "Mwenye nyumba amesema," akatamka kwa uzito. "Na sisi tunasimama hapo hapo. Tunataka ng'ombe wasiorudiwa. Na juu yake, kwa usumbufu, mtaongeza ndama."

"Dada, kusanya vitu," baba mkubwa akasema.

Shangazi akaanza kukunja blanketi. Nikaona pazia la mlango wa jikoni linatikisika, na chini ya pazia miguu ya binti yangu, imesimama, vidole vimejikunja. Nilikuwa na njia mbili. Nikinyamaza, mimi ni baba mwenye tamaa. Nikisema kweli, mimi ni mzee mzima aliyekuwa anaangalia televisheni wakati watu wanamposa mtoto wake, na hilo kwa mtu kama yule ni dharau, kubwa kuliko hiyo tamaa. Nimejenga jina langu mwaloni gunia kwa gunia. Sikutaka kulitupa. Nikaiangalia ile miguu.

"Mzee," nikasema, "nilikuwa naangalia picha."

"Picha gani?"

"Hiyo hapo nyuma yako. Viatu ni vya kwenye picha. Begi ni la kwenye picha. Na ng'ombe ni wa kwenye picha, ana pembe imepinda, kapita mara mbili."

Kaka alilegea kitini kama aliyekatwa kamba.

Baba mkubwa akageuka. Dada yake akageuka, blanketi mkononi. Kwenye televisheni kulikuwa na mwanamke anafurahia sabuni.

"Ng'ombe yuko wapi?" akauliza.

"Ni matangazo. Subiri yaishe."

"Tusubiri?"

"Ni kidogo tu, mzee. Wataleta."

Tukangoja wote, watu wazima, tukaangalia sabuni. Baada ya sabuni zikaja pampasi za watoto. Baada ya pampasi ikaja soda. Sijawahi kuona matangazo marefu namna ile maishani mwangu. Jasho lilinitoka mpaka kwenye kwapa za koti. Kaka alikuwa ananong'ona Kisukuma maneno ambayo mama yetu angemchapa.

Picha ikarudi. Badala ya ng'ombe ikaonyesha ufukwe, watu wanalia, wamemtoa ziwani kijana aliyezama. Wamemlaza mchangani. Na shati lake jeupe lina mikunjo ya pasi mikononi, mikali, ya kukatia kucha.

Baba mkubwa alisogeza uso karibu. Huyu ni mtu aliyezaliwa ziwani, ameopoa watu. Aliikagua ile mikunjo, halafu akasema, "Huyu wamemtoa ziwani au wamemtoa kwa dobi?"

Sikucheka. Niliogopa kucheka. Lakini shangazi aliangusha blanketi.

"Na nywele, kaka!" akasema. "Tazama nywele! Kazama na nywele zimechanwa!"

"Na mtumbwi wao hauna hata kata ya kutolea maji," baba mkubwa akasema. Alikuwa amekasirika kweli sasa, lakini si kwa ajili yangu. "Hawa wanamdanganya nani? Mtoto wa kwetu atawacheka."

"Ndicho ninachosema kila siku mzee wangu! Mke wangu ananikataza!"

"Anakukatazaje? Ni uongo wa wazi."

"Yule pale!" shangazi akapaza sauti. "Pembe iliyopinda! Mara ya tatu!"

Akapita kweli, taratibu, hana wasiwasi. Baba mkubwa akanitazama, akaitazama televisheni, akavuta kiti akakaa upande wetu, bega kwa bega na mimi, kwa kuwa ndiko panakoonekana. Shangazi akahamia naye. Kaka yangu ikabidi avuke akakae peke yake kwenye kochi jipya, akawa anatuelekea sisi watatu kama mwalimu wa kwaya, na mahari ikazungumzwa hivyo hivyo mpaka ikaisha. Ndama hakumtaja tena.

Halafu wakamwita binti, kama ilivyo desturi, aulizwe kama anawafahamu wageni na kama tupokee. Alitoka jikoni amevaa kitenge kipya, macho mekundu, akapiga magoti kuwasalimu. "Shikamooni." Wakaitikia marahaba. Akasimama katikati, na pale katikati ndipo palipoziba televisheni yote.

Kaka akauliza, "Mwanangu, tupokee?"

Aliniangalia mimi kwanza, kwa muda wa kunitosha. "Pokeeni, baba," akasema. Mke wangu akapiga vigelegele mpaka majirani wakafungua madirisha. Binti hakusogea pale aliposimama mpaka kwenye skrini yakaanza kupita majina, na mimi sikuthubutu hata kuinamisha shingo nichungulie.

Mwisho wa ile picha nilikuja kuupata siku ya harusi. Shangazi alikuwa ameitafuta akaiona tena yote kwao. Tulikuwa tumekaa meza moja, akaninong'oneza kwamba wale ng'ombe waliibwa, na mwizi alikuwa pacha wa yule aliyezama.

"Haiwezekani," nikamwambia. "Hawafanani hata masikio."

"Ndivyo nilivyosema na mimi! Na mama yao ni kijana kuliko wao!"

Nadhani tulisema kwa sauti kidogo. Binti yangu, kule kwenye meza ya maharusi, alifumbua jicho moja chini ya shela, akatutazama sisi wawili, akaweka kidole mdomoni. Mchungaji alikuwa bado anaomba.