Niliisifu Shahada ya Uzamili, Sasa Mwalimu Mwenzangu Anavunja Uchumba

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na saba, nafundisha Biolojia katika sekondari moja hapa Mpanda. Jina langu naomba mlifiche, mji wetu ni mdogo. Nimechoka kulibeba hili peke yangu.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili ya elimu. Watoto niliwaacha kwa mama yangu kijijini Mamba, mdogo akiwa hajatimiza miaka miwili. Niliporudi alijificha nyuma ya bibi yake, akauliza, "Huyu mgeni atalala hapa?" Nikajipa moyo kwamba angalau masomo yatanifaa.

Shuleni mkuu alinirudishia ratiba ile ile. Nilipomwomba tubadilishe namna ya kutunga mitihani, alicheka. "Mwalimu, hizo nadharia ziache huko huko chuoni. Hapa tunataka watoto wafaulu."

Hilo nililivumilia. Kilichonikata maini ni wanafunzi. Kidato cha nne, ambao niliwaacha wakiwa cha kwanza, walimtuma kiongozi wao, binti mpole. Alisimama ofisini akiangalia chini. "Madam, wenzangu wanasema zamani ulikuwa unaleta samaki wa ziwani kutoka Kapalamsenga, unampasua, tunaona moyo na matamvua. Siku hizi unatusomea makaratasi tu. Wanaomba ufundishe kama ulivyokuwa kabla hujaenda kusoma."

Mwezi ule ule ikaja barua ya mhadhiri aliyenisimamia. Alitaka sisi tuliohitimu tueleze kozi imetusaidia nini. Ningeandika niliyoyaona. Lakini niliona aibu, jamani. Niliandika kwamba mkuu ananisikiliza, wanafunzi wanafurahia, na kila mwalimu angepaswa kwenda. Wakayachapa maneno yangu kwenye kijitabu cha kutangaza kozi.

Sasa kuna mwalimu wa Fizikia tunayekaa naye meza moja, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao. Alikipata kile kijitabu, akaomba nafasi, akapata. Anaondoka kwa treni wiki ijayo. Ana mchumba kijiji cha Mwamkulu, na wakwe wamesema hawasubiri miaka miwili. Akienda, uchumba umekwisha.

Juzi akaniambia, "Dada, nilikuwa nasitasita. Nimesoma maneno yako mara tatu, nikaona basi. Nimewaambia wakwe wamtafutie binti yao mwingine. Mchumba wangu amelia sana. Lakini wewe umepita huko, huwezi kunidanganya."

Nikamjibu, "Nenda, mdogo wangu." Kisha nikachukua chaki nikatoka kama nakwenda darasani, na wala sikuwa na kipindi.

Siwezi kusema kozi ile ni bure. Huko ndiko nilikojifunza kusoma kitabu na kukibishia, na siku nyingine natamani kurudi. Labda yeye itamfaa kuliko mimi, na nikifungua mdomo nitamharibia bahati kwa uchungu wangu mwenyewe. Lakini nikinyamaza, binti wa watu anaachwa kwa sababu ya barua niliyoandika kwa aibu. Na hata nikisema leo, sijui kama wakwe watampokea tena.

Nyie wasomaji, hasa walimu mliowahi kuacha nyumba zenu kwenda kusoma, nisaidieni mawazo. Nimwambie ukweli, au nimwache apande treni?